Sheria ya Obama na daftari la baba

Wengi wenu mliokulia kati ya Bukavu na Goma mmesikia watu wakitaja "Sheria ya Obama". Kwa wazazi wetu hilo ni jina la mwaka wa njaa, kama wengine wanavyosema "mwaka wa volkano" ama "mwaka wa vita". Walioisoma ni wachache sana. Mimi nilisoma uchumi hadi lisansi, na katika miaka yote hiyo hakuna siku tulifunguliwa sheria hiyo darasani, hata kama wengi wetu pale tulilipiwa minervali kwa pesa ya kasiterite. Nimeisoma baadaye, peke yangu, kwa sababu ilinipotezea mwaka mmoja wa masomo na nilitaka kujua ilifanyaje.

Mwezi wa 9 mwaka wa 2010 nilikuwa najitayarisha kuingia G2. Baba alinipigia simu toka Nyabibwe, maneno machache tu: "Mutoto yangu, kazi banafunga. Ngojea kwanza." Nilifikiri ni kungoja juma mbili. Nikangoja mwaka mzima, nikiuza inite za simu kando ya barabara, huku wenzangu wa promosheni wakipita na makaratasi yao mkononi.

Nyabibwe iko katika teritware ya Kalehe, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Goma. Juu yake kuna mgodi wa Kalimbi. Unatoa kasiterite, lile jiwe zito jeusi linaloyeyushwa ili kupata bati, na bati ndiyo inayounganisha vipande vidogo ndani ya simu na ordinateri. Baba alikuwa negosian. Kazi yake, ukiitazama kwa jicho la uchumi, ilikuwa kupitisha mikopo. Kontwari ya Bukavu, yaani nyumba inayonunua madini na kuyatuma ng'ambo, ilimkopesha dola. Yeye akamkopesha PDG, ndivyo wanavyomwita mkubwa wa shimo. PDG akalisha wachimbaji, akanunua mbao, nyundo na tochi. Mawe yakitoka, deni lilirudi kwa njia ile ile: mchimbaji kwa PDG, PDG kwa baba, baba kwa kontwari, kontwari kwa mnunuzi wa mbali.

Hakukuwa na mkataba wala banki. Kulikuwa na daftari moja la jalada la bluu, lenye majina na namba. Siku ile ya simu, baba alikuwa na tani mbili na nusu ndani ya depo, na deni la dola 8.000.

Watu wa kwetu wanasema Obama alifunga mgodi. Si kweli, na hapa ndipo inafaa kwenda polepole, maana mapigo mawili yalikuja karibu wakati mmoja na watu wakayafanya kuwa moja.

Pigo la kwanza lilitoka Kinshasa. Mwezi huo wa 9 mwaka wa 2010, Raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Alisema anataka kuvunja mitandao ya kimafia iliyokuwa inakula madini. Katazo hilo liliondolewa mwezi wa 3 mwaka wa 2011. Miezi sita hivi, basi. Lilikuwa baya, lakini biashara nyingi zingeweza kulivuka, jinsi zilivyovuka mambo mengine mengi.

Pigo la pili lilikuwa limekwisha kutiwa sahihi Washington, tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka wa 2010. Marekani ilikuwa inatoka kwenye mgogoro wa mabanki wa 2008, na bunge lao likapitisha sheria kubwa ya kusimamia fedha inayoitwa Dodd-Frank. Ina mamia ya kurasa juu ya mabanki, bima na mikopo. Ndani yake, kuelekea mwisho, katika sehemu ya mambo mbalimbali, kuna kifungu cha 1502. Ndicho kinachozungumza juu yetu. Kinasema: kampuni inayotakiwa kupeleka ripoti kwa tume ya soko la hisa la Marekani, kama bidhaa zake zinahitaji bati, tantalumu, tungsteni au dhahabu, ieleze kama madini hayo yanatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Na kama yanatoka huko, ieleze imefanya uchunguzi gani kujua kama yaliwalisha watu wenye silaha.

Someni tena. Hakuna mahali panaposema "msinunue". Sheria ile haikukataza hata kilo moja ya kasiterite ya Kalimbi. Ilisema tu: jielezeni.

Sasa tujiweke kidogo katika kiti cha mnunuzi. Kampuni ya simu inanunua vipande kutoka viwanda vingi. Viwanda hivyo vinanunua bati kutoka kwa wayeyushaji. Myeyushaji anapokea mawe ya nchi mbalimbali, ya Kongo pia, anayatia katika tanuri moja. Yakishayeyuka, nani atakuonyesha tone gani lilitoka Kalehe? Kwa hiyo mzigo wote wa kujieleza ulikwama kwa myeyushaji, kama kamyo kwenye daraja jembamba. Naye akapiga hesabu. Bati ya Kongo ilikuwa sehemu ndogo ya bati ya dunia nzima. Kuthibitisha kwamba ni safi ni gharama: watu, makaratasi, safari, hatari ya jina kuchafuka. Kuiacha ni bure. Mfanyabiashara gani, awe wa Kuala Lumpur au wa Kadutu, atachagua gharama wakati kuna bure?

Makampuni makubwa ya elektroniki yakawaambia wayeyushaji: kuanzia tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka wa 2011, madini ya eneo lenu lile yasiingie bila alama ya kuonyesha yametoka wapi. Na katika Kivu zote mbili, siku hiyo, mfumo wa kuweka alama haukuwa unafanya kazi. Katika Katanga na nchini Rwanda ulianza mwaka huo huo. Kwetu bado.

Na hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Tume ya soko la hisa, ambayo ndiyo ilitakiwa kuandika namna ya kutekeleza kifungu cha 1502, ilitoa kanuni zake tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka wa 2012. Ripoti za kwanza za makampuni zilitolewa mwaka wa 2014. Maana yake, soko letu lilifungwa zaidi ya mwaka mmoja kabla kanuni yenyewe haijaandikwa. Depo ya baba haikufungwa na sheria. Ilifungwa na woga wa sheria inayokuja. Katika kozi tulifundishwa kwamba biashara inafuata bei. Inafuata pia fununu, na fununu inasafiri haraka kuliko Gazeti la Serikali.

Basi katazo la Kinshasa lilipoondolewa mwezi wa 3, kulikuwa na majuma machache tu kabla ya tarehe 1 mwezi wa 4. Kila mwenye mawe alikimbilia kuuza. Unajua inavyokuwa kama soko zima linauza siku moja. Baada ya hapo walibaki wanunuzi wachache wasiouliza makaratasi, nao walijua kwamba mlango mwingine haupo, wakataja bei wanayotaka. Baba aliuza tani zake chini ya nusu ya bei aliyonunulia. Kontwari iliyomkopesha ikafunga mlango, mwenyewe akahama mji, lakini kabla ya kuhama alituma watu kuchukua deni. Walichukua pikipiki, mizani, na mabati yaliyokuwa yamenunuliwa kwa ajili ya nyumba. Mama alibaki akisema: "Obama njo nani? Alishafika hapa?"

Nilipokuwa kijana nilipenda kusimulia habari hii ikiishia hapo. Sisi wema, wao wabaya. Lakini niliporudi kusoma daftari la baba, niliona mstari mmoja unaorudi karibu kila ukurasa: "bariere". Kiasi kidogo, kila mzigo. Nikamwuliza ilikuwa bariere ya nani. Akanyamaza, halafu akasema: "Ya wenye bunduki. Ungelipa ama ungelala pale." Kwa miaka mingi jiwe lililonisomesha lililipa pia watu wenye bunduki. Walioandika kifungu cha 1502 hawakuota ndoto. Kulikuwa na jambo la kweli, na baadhi ya Wakongomani wenyewe, wenye kutetea haki na viongozi wa dini, ndio walioomba dunia ilitazame. Siwezi kuficha hilo kwa sababu ya mabati yetu.

Ninachouliza ni kingine: kwa nini gharama ya kusafisha biashara iliangukia kwanza wale wa chini kabisa, wasio na sauti mahali sheria inapoandikwa? Na je, ilikuwa mara ya kwanza?

Haikuwa mara ya kwanza. Babu yangu alifanya kazi Kalima, katika Maniema, kwanza kwa kampuni ya Symétain, halafu kuanzia 1976 kwa SOMINKI, iliyozaliwa makampuni ya madini ya mashariki yalipounganishwa. Alikuwa na nyumba ya kampuni, posho, na dispansari kwa watoto. Hakuwahi kusikia Shirika la Kimataifa la Bati. Lakini mshahara wake ulikaa juu ya shirika hilo.

Shirika hilo, lenye makao London, lilikuwa mapatano kati ya nchi zinazotoa bati na nchi zinazoinunua. Zaire ilikuwa mwanachama, pamoja na Malaysia, Indonesia, Thailand, Nigeria na Australia upande wa watoaji. Kazi yake ilikuwa kulinda bei. Bei ikishuka, shirika linanunua bati na kuiweka ghalani, na nchi wanachama zinapunguza kuuza nje. Bei ikipanda sana, linauza akiba. Kwa miaka mingi ilifanya kazi. Lakini bei iliyolindwa juu iliwafurahisha wasio wanachama. Brazil, iliyokuwa nje ya mapatano, ikaongeza uchimbaji wake sana. Na watengenezaji wa makopo wakaendelea kuhamia aluminiamu. Shirika likabaki linanunua, linanunua, likikopa ili linunue.

Tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka wa 1985, pesa ikaisha. Msimamizi wa ghala alitangaza kwamba hawezi kununua tena. Soko la metali la London likasimamisha biashara ya bati siku hiyo hiyo, na haikurudi pale hadi 1989. Bei ikaanguka karibu nusu katika miezi michache. Mabanki na madalali wakaanza kuzishitaki serikali kwa mamia ya mamilioni ya pauni.

Kalima, hakuna aliyeshitaki mtu. SOMINKI ikaanza kupunguza wafanyakazi, ikategemea zaidi dhahabu, na mwaka wa 1997 ikafika mwisho wake. Babu alipunguzwa miaka miwili baada ya 1985. Aliambiwa "konjonktire ni mbaya". Alikufa akiamini kwamba mkubwa wake wa kazi alimchukia. Baba, aliyekuwa kijana, akaanza kubeba mawe mgongoni, mawe yale yale, safari hii bila posho wala dispansari. Njo hivyo familia yetu ilitoka kwenye mshahara ikaingia kwenye daftari la bluu.

Tazameni tofauti. Mwaka wa 1985 kanuni ya kulinda bei ilivunjika. Mwaka wa 2010 kanuni ya kulinda watu ikazaliwa. Moja ilikuwa ya fedha, nyingine ya haki za binadamu. Hazifanani hata kidogo, lakini zilipofika kwetu zilifanya kazi moja. Na sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba biashara yetu ilisimama juu ya mlango mmoja. Babu alikuwa na mwajiri mmoja, aliyekuwa na bidhaa kuu moja, iliyokuwa na soko moja. Baba alikuwa na kontwari moja, iliyokuwa na wanunuzi wa aina moja. Mabadiliko ya kanuni hayamwui mfanyabiashara kwa kuwa ni makali. Yanamwua kama hana njia ya pili, na kama anaarifiwa wa mwisho.

Wengine waliarifiwa mapema. Nimesema kwamba Rwanda na Katanga walianza kuweka alama mwaka wa 2011. Huko madini yaliendelea kuuzwa kwa bei inayoeleweka. Mawe hayana uraia, yanafuata bei. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mara kadhaa kwamba madini ya upande wetu yalivushwa usiku na kupewa alama upande wa pili wa mpaka. Kwa hiyo wakati depo za Bukavu zilikuwa na buibui, kasiterite ya Kivu haikuacha kusafiri. Iliacha tu kulipa kodi kwetu.

Alama zilifika Kalimbi mwezi wa 10 mwaka wa 2012, kwa mpango ulioungwa mkono na serikali ya Uholanzi pamoja na makampuni kama Philips na Tata Steel. Mgodi ulikuwa umekaguliwa na kukutwa hauna watu wenye silaha. Mfuko ulipotoka shimoni, ajenti wa Leta aliupima, akaufunga kwa etiketi yenye namba, akaandika katika rejista. Katika depo ya negosian ulifungwa etiketi ya pili. Ilikuwa kazi nzuri, nasema ukweli. Baba, aliyekuwa amerudi kidogo kidogo kwa pesa ya kuazima, aliniambia kwamba mstari wa "bariere" ulipungua sana katika daftari lake. Lakini ukazaliwa mstari mpya: gharama ya mfumo. Msafirishaji alitozwa kwa kila tani, akaipunguza katika bei aliyompa negosian, negosian akaipunguza kwa PDG, na PDG kwa mchimbaji. Ilikuwa njia ile ile ya mikopo, ikirudi kinyumenyume. Simu ya dukani Brussels haikupanda bei kwa sababu ya etiketi. Aliyelipa ni yule aliye ndani ya shimo.

Na migodi isiyokaguliwa ilikuwa mingi kuliko iliyokaguliwa. Mwezi wa 9 mwaka wa 2014, watu wapatao 70, watafiti na wanaharakati, Wakongomani kati yao, waliandika barua ya wazi wakisema kwamba mkakati huu umewafukarisha wachimbaji bila kumaliza vita. Kisha sheria yenyewe ikaanza kuyumba: korti ya Marekani ilifuta sehemu ya kanuni mwaka wa 2014, na mwaka wa 2017 tume ya soko la hisa ikasema haitalazimisha sehemu nyingine. Aliyetumia pesa kujipanga kwa kanuni ya jana akajikuta hajui kama kesho itakuwepo.

Ulaya walijifunza kidogo. Kanuni yao ya mwaka wa 2017, iliyoanza kutumika tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 2021, haihusu Kongo na majirani zake tu. Inahusu maeneo yote ya dunia yenye vita na hatari. Tena ina kiwango cha chini: mwagizaji wa Ulaya anayeingiza madini kidogo sana kwa mwaka hatakiwi kubeba mzigo wote huo. Niliposoma kipengele hicho niliweka kalamu chini. Walifikiri juu ya mdogo. Mdogo wa kwao. Kwetu, mchimbaji wa kilo 5 na msafirishaji wa tani 50 wanapita katika mlango ule ule, mfuko kwa mfuko.

Huo mstari juu ya wadogo wa Ulaya haukuanguka toka mbinguni. Kuna mtu aliyeketi katika salle fulani, akiwa na hesabu za wafanyabiashara wadogo wa nchi yake, akasema: "Hawa hawataweza, tuandike hivi." Sisi tulikuwa na nani katika salle hiyo? Kati ya wote waliokuwa na daftari kama la baba, nani alizijumlisha namba zile na kuzipeleka mahali? Namba zilikuwepo. Nimezihesabu: katika daftari moja tu, PDG 11, wachimbaji zaidi ya 140, na mama watatu waliokuwa wanawapikia kwa deni. Hakuna ofisi iliyowahi kuomba kuziona, na mimi niliyekuwa nasoma takwimu sikufikiri kwamba lile daftari ni takwimu.

Kwa hiyo sitamalizia kwa kusema "tusome sana" ama "serikali iamke". Nasema jambo dogo. Kanuni nyingine zinakuja, juu ya kobalti, juu ya miti, juu ya kahawa na kakao. Zitaandikwa mbali na zitafika kwetu zikiwa fununu kwanza. Wewe uliyemaliza droo, uchumi ama jeoloji na unangojea kazi nyumbani, una uwezo ambao baba hakuwa nao: unaweza kuisoma kanuni kabla haijafika, ukamweleza negosian wa mtaa wako tarehe gani mlango utafungwa na karatasi gani itaufungua. Mwaka wa 2011 majuma machache ya kujua mapema yangemwokolea baba nusu ya mali yake. Na mimi ningeingia G2 pamoja na wenzangu.

Baba sasa amezeeka. Daftari liko kwangu. Deni la yule mkubwa wa kontwari lilifutwa kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, lakini ya PDG na wachimbaji hayakufutwa, maana hakuna aliyerudi kulipa na baba hakwenda kudai. Nilimwuliza kwa nini. Akasema: "Bale banadai nani?"

Kama mzazi wako alikuwa Kalima, Walikale, Shabunda ama Numbi katika miaka hiyo, tafuta daftari lake kabla panya hawajalikuta. Andika lilikuwa na majina mangapi.